Maradhi Hayapigi Hodi: Somo la Kukitayarisha Chuo

Somo letu la juma hili lawahusu watu wote wakaao pamoja, walao chungu kimoja na kulala chini ya paa moja; lakini hasa lawahusu walimu, wanafunzi na watumishi wa vyuo, pamoja na wazazi wao. Kila mwaka wazazi wengi huwapeleka vijana wao vyuoni. Mmoja huuza ng'ombe, mwingine huuza mahindi, na mwingine hukopa, ili kijana apate karo na godoro. Kijana akishapita lango la chuo, mzazi hurudi nyumbani akiwa na matumaini mawili: kwamba mtoto wake atapata elimu, na kwamba atarudi akiwa mzima. Somo hili lahusu tumaini la pili.

Chuo si kama kijiji. Kijijini mtu akishikwa na maradhi huwa katika nyumba yake, na nyumba ya jirani iko mbali kidogo. Chuoni vijana mia mbili waweza kulala katika jengo moja, wakanawa kwenye mabomba yale yale, na kula chakula kilichopikwa katika jiko moja. Tena vijana hao wametoka kila upande wa nchi, na kila mmoja amesafiri pamoja na watu asiowajua. Kwa hiyo siku ya kufungua chuo ni siku ambayo maradhi ya wilaya nyingi yaweza kukutana mahali pamoja. Nayo maradhi hayapigi hodi, wala hayangoji kukaribishwa.

Jambo tunalotaka kulionyesha ni moja: chuo hulindwa na yale yaliyotengenezwa kabla mgonjwa wa kwanza hajaonekana. Yanayotengenezwa baadaye huja yakichechemea. Kwanza tutakumbuka yaliyotupata sisi wenyewe mwaka wa 2020. Kisha tutaangalia vyuo vya Marekani ambavyo mwaka ule ule vilijaribu kufungua milango. Halafu tutarudi kwetu na kutaja matayarisho, moja baada ya jingine.

MACHI MWAKA WA 2020

Ijumaa tarehe 13 Machi 2020 ilitangazwa kwamba mgonjwa wa kwanza wa Korona amepatikana Kenya. Jumapili iliyofuata, tarehe 15, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba shule za kutwa zifungwe kesho yake, shule za bweni zifungwe kufikia Jumatano, na vyuo vikuu na vyuo vinginevyo kufikia Ijumaa tarehe 20. Vijana wakafunga masanduku yao, wakapanda mabasi na matatu, wakaenda makwao. Shule hazikufunguliwa tena mpaka tarehe 12 Oktoba, na hata hapo ni madarasa machache tu yaliyorudi. Wanafunzi wa shule waliobaki walirudi tarehe 4 Januari 2021.

Hatusemi kwamba kufunga kulikuwa kosa. Wakati ule ulimwengu haukuwa na chanjo ya ugonjwa huo, na vyuo vilivyokuwa tayari vilikuwa vichache mno. Lakini kufunga ni dawa kali, na dawa kali huwa na madhara yake. Mwanafunzi hupoteza mwaka wake. Karo iliyolipwa kwa taabu hulala bure. Tena, ikiwa maradhi yamekwisha kuingia bwenini, kuwatawanya vijana kwa siku moja ni kama kupepeta makapi penye upepo. Kijana aliyeambukizwa bila kujua huketi katika gari saa nane au kumi, kisha hushuka nyumbani na kumkumbatia nyanya yake. Yeye ana nguvu za ujana, nyanya hana. Basi chuo kisichojitayarisha hakiwadhuru wanafunzi wake peke yao, bali na wazee walio mbali ambao hawajapata hata kuliona lango lake.

VYUO VIWILI VYA JIRANI

Katika jimbo la North Carolina, nchini Marekani, viko vyuo vikuu viwili vyenye sifa. Kimoja ni Chuo Kikuu cha North Carolina, mjini Chapel Hill, ambacho ni cha serikali na chenye wanafunzi wapatao elfu thelathini. Cha pili ni Chuo Kikuu cha Duke, mjini Durham, ambacho si cha serikali. Kutoka kimoja mpaka kingine ni mwendo wa maili kumi hivi. Mwezi wa Agosti mwaka wa 2020 vyote viwili viliita wanafunzi warudi, huku Korona ingali imeenea katika nchi.

Chuo cha Chapel Hill kilianza masomo tarehe 10 Agosti. Hakikuwalazimisha wanafunzi wote wapimwe wanapofika. Mwezi uliotangulia, mkuu wa afya wa wilaya hiyo alikuwa ameandika barua kuwashauri wakuu wa chuo wafikirie kufundisha kwa njia ya mtandao walau majuma matano ya kwanza, na mabweni wayaweke kwa wale tu wasio na pengine pa kukaa. Shauri hilo halikufuatwa. Katika juma la kwanza la masomo, sehemu ya waliopimwa na kukutwa na virusi ilipanda kutoka asilimia 2.8 mpaka asilimia 13.6. Makundi ya wagonjwa yakaonekana katika mabweni. Ilipofika tarehe 17 Agosti, wanafunzi 177 walikuwa wametengwa kwa kuwa wana ugonjwa, na wengine 349 walikuwa katika karantini kwa kuwa walikaribiana na wagonjwa. Siku hiyo chuo kikatangaza kwamba masomo ya wanafunzi wa shahada ya kwanza yatafanywa kwa mtandao kuanzia tarehe 19. Masomo ya madarasani yalikuwa yamedumu kwa juma moja na siku chache tu.

Chuo cha Duke kilishika njia nyingine. Kwanza kilipunguza watu katika mabweni. Pili, kila mwanafunzi aliyerudi alipimwa kabla ya kuanza masomo. Vipimo vya kuingia vilikuwa 8,873, na waliokutwa na virusi walikuwa 17. Idadi hiyo ni ndogo, lakini fikiri, ndugu msomaji, kama hao 17 wangaliingia mabwenini bila kujulikana! Tatu, baada ya kuingia walizidi kupimwa mara kwa mara, na wale wa shahada ya kwanza waliokaa chuoni walipimwa mara mbili kwa juma, hata kama walijiona wazima. Toka tarehe 2 Agosti mpaka tarehe 11 Oktoba, wanafunzi 10,265 walipimwa, na vipimo vyote pamoja vilikuwa 68,913. Waliokutwa na virusi walikuwa 84. Tena nusu ya hao, na zaidi kidogo, hawakuwa na dalili yoyote. Maana yake ni kwamba lau chuo kingalingojea mtu akohoe, kingaliwakosa wengi waliokuwa wamebeba maradhi.

Pengine msomaji atasema, "Duke ni chuo chenye mali, sisi tutapata wapi fedha za kupima watu elfu kumi?" Ni neno la haki. Lakini hata hao wenye mali walitumia akili ili kupunguza gharama, na hesabu yao hata mtoto wa shule aweza kuifuata. Walichanganya sampuli za watu watano, wakazipima kama sampuli moja. Chukua wanafunzi 100. Ukiwapima mmoja mmoja wahitaji vipimo 100. Ukiwapanga katika vikundi vya watano wahitaji vipimo 20. Ikiwa kikundi kimoja kimeonekana kina virusi, utawapima tena watano wa kikundi hicho, mmoja mmoja. Jumla ni vipimo 25 badala ya 100. Hesabu hii ni nzuri maadamu wagonjwa ni wachache. Wakiwa wengi, karibu kila kikundi kitaonekana kina virusi, na faida hupotea. Ndiyo sababu hufaa kuanza mapema.

Chuo Kikuu cha Arizona, huko huko Marekani, kilitumia njia nyingine ya werevu. Wataalamu wake walipima maji machafu yatokayo katika mabweni, kwa kuwa virusi huonekana katika choo cha mtu hata kabla hajajisikia vibaya. Mwishoni mwa Agosti 2020, maji ya bweni moja yalionyesha dalili. Watu 311 wa bweni hilo walipimwa, wakapatikana wawili walio na virusi, na wote wawili walijiona wazima kabisa. Walitengwa upesi.

Yafaa tuongeze kwamba chuo cha Chapel Hill hakikukaa katika kosa lake. Mapema mwaka wa 2021 kilipowarudisha wanafunzi, kilitaka wapimwe kabla ya kurudi, na waliokaa chuoni wakapimwa mara mbili kwa juma. Kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele, walisema wazee wetu. Lakini aonaye jirani akijikwaa hana haja ya kupiga kidole chake katika jiwe lile lile.

KWETU JE?

Katika habari hizo twaona nguzo tatu. Ya kwanza ni kujua: chuo kiwe na njia ya kutambua maradhi mapema. Ya pili ni kutenga: pawe na mahali palipokwisha kutayarishwa kwa wagonjwa. Ya tatu ni kuaminiana: wanafunzi wawe tayari kusema kweli. Nguzo hizi hazihusu Korona peke yake.

Katika nchi yetu, mgeni awezaye kuingia chuoni kwa ghafula ni kipindupindu. Oktoba mwaka wa 2022 kipindupindu kilizuka tena Kenya, kikaendelea mwaka wa 2023 katika wilaya nyingi. Ugonjwa huu huenezwa na maji na chakula kilichochafuliwa na choo cha mgonjwa. Dalili huanza baada ya saa chache, au hata siku tano, tangu mtu alipoambukizwa. Mgonjwa mahututi huharisha maji kama yaliyooshewa mchele, hutapika, hukauka mwili, na asipotibiwa aweza kufa kwa muda wa saa chache. Walakini akitibiwa mapema na vizuri, wanaokufa hawafiki hata mmoja katika mia. Tena watu wengi walioambukizwa hawaugui sana, au hawaugui kabisa. Hata hivyo vijidudu hutoka katika choo chao kwa siku kadhaa.

Mgeni mwingine ni surua. Mgonjwa mmoja wa surua aweza kuwaambukiza watu 12 mpaka 18 ambao hawana kinga, na virusi vyake huweza kubaki katika hewa ya chumba kwa muda wa saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka. Huanza kuambukiza siku nne kabla ya vipele kutokea. Hapa pia twaona jambo lile lile: maradhi hutembea mbele ya dalili zake.

MATAYARISHO KABLA YA KUFUNGUA

1. Watu na kazi zao. Mkuu wa chuo achague kamati ndogo: mwuguzi wa chuo, mlezi wa mabweni, mkuu wa jikoni, mtunza maji, mwakilishi wa wanafunzi, na mwalimu mmoja wa kuandika. Kila mmoja ajue kazi yake, na kila mmoja awe na wa kumrithi akiugua. Majina na nambari zao za simu yabandikwe langoni, jikoni na katika kila bweni. Nambari ya afisa wa afya wa eneo hilo iwe ya kwanza katika orodha. Kipindupindu ni miongoni mwa maradhi ambayo Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, yataka yatangazwe kwa wakuu wa afya. Basi mkuu wa chuo asione haya kupiga simu, wala asingoje mpaka wagonjwa wawe kumi. Hata mmoja akishukiwa yatosha.

2. Daftari la afya. Hatuna mashine za Duke, lakini tuna kalamu. Mwuguzi aandike kila siku jina la mgonjwa, bweni lake, dalili zake, na saa zilipoanza. Kila jioni alisome daftari hilo tangu juu hata chini. Vijana watatu wenye kuhara huenda ni jambo la kawaida. Lakini vijana watatu wa bweni moja, walioanza kuhara usiku mmoja, ni kengele inayolia. Daftari lisilosomwa ni karatasi tu.

3. Nyumba ya kutengea. Ichaguliwe sasa, wakati hakuna mgonjwa. Iwe mbali kidogo na mabweni, iwe na madirisha ya kupitisha hewa, na iwe na choo chake ambacho wengine hawakitumii. Vitanda, ndoo, sabuni, dawa ya klorini, glavu, barakoa na pakiti za chumvi za kutibu kuhara viwemo tayari, na mtu mmoja awe na ufunguo. Ipangwe pia mahali pa pili, huenda ni darasa au ukumbi, maana nyumba ya kwanza yaweza kujaa. Chuo ambacho hakina mahali pa kumtenga mgonjwa mmoja leo, kesho kitalazimika kuwatenga wote kwa kufungwa.

4. Nafasi bwenini. Mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka wa 2008 wataka nafasi ya mita 1.2 kati ya kitanda na kitanda. Kamati ichukue kamba, iende ikapime. Madirisha yaliyopigiliwa misumari yafunguliwe. Hewa safi hainunuliwi.

5. Maji, jiko na vyoo. Matangi yasafishwe kabla wanafunzi hawajafika, na maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe klorini kwa kipimo alichoagiza afisa wa afya. Choo cha shimo kisiwe karibu na kisima. Umbali wa mita 30 walau watakiwa. Panapo choo pawe na maji na sabuni, na pawepo pia kwenye mlango wa jumba la kulia. Mtu anawe mikono yake kwa muda usiopungua nukta ishirini. Mpishi mwenye kuhara asiguse sufuria, wala asikatwe mshahara kwa siku alizopumzika. Mkikata mshahara wake, mtakuwa mmemfundisha kuficha.

6. Chanjo. Siku ya kuandikishwa, kila mwanafunzi aulizwe ni chanjo zipi alizopata, na jibu liandikwe. Siku surua itakapozuka, kamati itajua kwa saa moja ni nani walio katika hatari zaidi. Pasipo orodha hiyo, siku tatu zitapita katika kuulizana.

7. Sauti moja. Wakati wa maradhi, uvumi huenda mbio kuliko mgonjwa. Basi habari zote zitoke kwa mtu mmoja aliyechaguliwa, kila siku kwa saa ile ile: wagonjwa ni wangapi, wamepona wangapi, na leo tufanye nini. Simu za wazazi ziwe zimeandikwa mapema. Mzazi akipata habari ya kweli kutoka kwa chuo, hatakuja mbio na gari usiku ili amchukue mtoto wake, ambaye huenda amekwisha kuambukizwa.

8. Jaribio. Kabla ya kufungua, kamati ikutane na kujaribu: "Ni saa nane za usiku; mwanafunzi wa bweni la tatu anaharisha na kutapika. Nani anaamshwa? Nani ana ufunguo? Gari liko wapi? Kitanda chake kitaoshwa na nani?" Jibu likiwa "tutaona," matayarisho hayajakamilika.

MFICHA MARADHI

Sasa twafika kwenye nguzo ya tatu, isiyoweza kununuliwa kwa fedha. Tufikiri juu ya kijana mmoja ambaye ni wa kwanza katika ukoo wao kuingia chuo. Baba yake ameuza kipande cha shamba. Jumatano usiku tumbo lamsokota, anaenda chooni mara tatu. Mtihani ni Alhamisi asubuhi. Kijana ajua kwamba akienda kwa mwuguzi atatengwa. Akitengwa atakosa mtihani. Akikosa mtihani atarudia mwaka, na karo ya kurudia hakuna. Tena zamu ya kugawa uji asubuhi ni yake. Je, atasema?

Wengi wetu, tukiwa wakweli, tutakiri kwamba tungalinyamaza. Kijana huyu si mtu mbaya. Yeye ameyapima mambo mawili, akaona kwamba kusema kweli kutamgharimu zaidi kuliko kuficha. Asubuhi atashika upawa na kugawa uji, na sisi tutamlaumu baadaye, hali sisi ndio tuliotengeneza sheria zilizomfunga ulimi. Wazee walisema: mficha maradhi, kilio humfichua. Lakini katika chuo, kilio hicho si cha nyumba moja.

Kwa hiyo itangazwe siku ya kwanza, mbele ya wanafunzi wote, na iandikwe: mwanafunzi aliyetengwa kwa ugonjwa atapewa mtihani wake akipona, bila malipo na bila kupunguziwa alama. Atapelekewa chakula na maandishi ya masomo. Jina lake halitatangazwa hadharani. Hataadhibiwa hata ikiwa aliambukizwa alipokuwa ametoka chuoni bila ruhusa. Huenda mwalimu mkali akaona jambo hili ni ulegevu. Lakini na achague, kati ya kumjua mtoro mmoja na kutowajua wagonjwa arobaini. Na aliyepona apokewe kama mwenzetu aliyetoka safarini, asitengwe mezani wala kuitwa majina.

IKIWA MGONJWA AMEONEKANA

Mwenye kuhara maji asingoje gari ndipo aanze kunywa. Pakiti ya chumvi za kutibu kuhara ichanganywe kama ilivyoandikwa juu yake. Kama haipatikani, chukua lita moja ya maji safi, tia vijiko sita vidogo vya sukari na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, ukoroge mpaka viyeyuke. Chumvi isizidi, maana huleta madhara. Mgonjwa anywe kidogo kidogo, tena mara kwa mara, hata akitapika, huku akipelekwa zahanati au hospitali. Aliyelegea asiyeweza kunywa ni wa kupelekwa upesi kabisa, kwani huyo ahitaji maji ya mshipani.

Chuo kisiwatawanye wanafunzi mpaka wakuu wa afya wameshauriwa. Mara nyingine kuwaweka waliopo mahali walipo, kuwatunza wagonjwa vizuri, na kuwafuatilia waliokaribiana nao, huwa ni salama zaidi kuliko kufungua lango na kuwaachia waende.

MWISHO WA SOMO

Hakuna katika haya jambo lililo zito kupita nguvu za chuo cha kawaida. Kamba ya kupimia, daftari, ufunguo, ndoo, nambari ya simu, na ahadi iliyoandikwa: hivi ni vitu vidogo, lakini lazima viwepo kabla ya usiku ule wa saa nane. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukuta wa chuo huwa ni vijana wa watu.

Maswali ya kujizoeza

1. Kwa nini siku ya kufungua chuo ni siku ya hatari kupita siku nyingine?
2. Chuo cha Duke kilifanya mambo gani ambayo cha Chapel Hill hakikufanya Agosti 2020? Ni yapi kati ya hayo yawezayo kufanywa bila fedha nyingi?
3. Wanafunzi 60 wamepangwa katika vikundi vya watano ili wapimwe. Vikundi viwili vimeonekana vina virusi, na watu wote wa vikundi hivyo wamepimwa tena mmoja mmoja. Vipimo vyote ni vingapi?
4. Ungekuwa mkuu wa chuo, ungemwahidi nini kijana mwenye mtihani Alhamisi asubuhi?
5. Nenda katika chuo au shule iliyo karibu nawe, uulize kwa adabu: nyumba ya kutengea wagonjwa ni ipi, na ufunguo wake uko kwa nani?

Jibu la swali la tatu ni 22. Jibu la swali la tano hatuwezi kukupa sisi; lakini ukilikosa huko ulikoenda, umepata kazi ya kufanya juma hili.